Sanduku la Arobaini na Tatu

Karatasi zake zilifika Jumatatu kwa lori,
masanduku tisini na moja, mvua ya Ohio ikiyalowesha pembe.
Nimepewa miezi minane niyapange.
Mezani pana glavu za pamba, penseli laini,
na kikombe cha chai kisichoruhusiwa humu;
nakificha nyuma ya taa.

Lowell Haverstick, mshauri wa marais wanne.
Hakuwahi kupigiwa kura,
hata ya uenyekiti wa mtaa.
Alikaa kiti cha pili kutoka mlangoni
na sauti yake, wanasema, ilikuwa ya chini
hata wenye nyota mabegani waliinama kumsikiliza.

Sanduku la kwanza ni utoto.
Baba karejea kutoka kambi ya mateka wa vita
ana kilo arobaini na nne;
hakutia neno mezani mpaka alipozikwa.
Nyuma ya picha mwana kaandika, umri miaka kumi na mitatu:
"Walisubiri mno."
Nilisoma mara mbili. Nikaona haya kidogo,
maana nilikuja kazini na hukumu yangu mfukoni.

Sanduku la sita: cheti cha daktari. Nyayo bapa.
Wenzake wa darasa wakapanda ndege,
yeye akapanda cheo.
Wahenga walishasema juu ya kitanda na kunguni wake.
Huyu alivipima vitanda vya watu kwa rula,
akaandika kurasa mia mbili kuhusu usingizi.

Penseli yake ilikuwa ya kijani.
Pembeni ya kila pendekezo la mazungumzo: "udhaifu".
Pembeni ya kila aliyeuliza "halafu?": "baadaye".
Kuna katuni ya gazeti, kachorwa mwewe
mwenye tai na miwani, kifaranga kuchani.
Aliitia fremu.
Mkewe, Philippa, kaandika nyuma yake:
"Pua tu ndiyo wamekukosea."

Sanduku la ishirini na tisa ndilo zito.
Dervazin.
"Wiki sita," anaandika Februari.
Agosti, karatasi ileile, kafuta "wiki", kaweka "miezi".
Kisha kafuta "miezi".
Yaliyofuata mnaweza kuyahesabu wenyewe.
Kaka yangu Dale yumo ndani ya hesabu hiyo,
ukurasa wa tisa, chini ya maneno
"gharama inayobebeka".
Na kweli ilibebwa.
Tuliibeba watu sita, toka kanisani hadi makaburini,
lami ikiteleza kwa barafu,
na binamu yetu mfupi akibadilisha bega kila hatua kumi.

Hakufukuzwa.
Watu wa namna yake huhamishiwa tu:
taasisi yenye meza ya mwaloni, televisheni Jumapili,
medali katika kisanduku cha mahameli.
Ilipokuja vita nyingine akatoa sentensi ileile.
Nimeziweka karatasi mbili juu ya kioo chenye taa:
zinalaliana kama sahani na kawa lake,
ila jina la nchi.

La arobaini na tatu lilitoa mlio nilipolinyanyua.
Ndani ya leso, kipande cha plasta ya ukuta,
samawati, rangi ya jikoni.
Ofisa mmoja alimletea kutoka Dervazin,
"ukumbusho, karatasi zisikupeperukie."
Kimekaa mezani pake miaka kumi na tisa;
upande wa chini umelainika.
Upande wa juu pana mistari miwili ya penseli,
mmoja juu ya mwingine, vidole viwili kati yao,
na maandishi madogo ya herufi nisizozijua.

Mistari hiyo naijua.
Mlango wa jikoni kwetu unayo.
Wa mwisho wa Dale uko juu kidogo ya swichi ya taa,
mama hataki upakwe rangi.

Fomu inadai vipimo: sentimita tisa kwa sita.
Inadai chanzo: hakijulikani.
Inadai mada, neno moja.
Nikakaa nayo mpaka mlinzi akaja kugonga funguo.
Nikaandika: urefu.

Chai imepoa.
Yamebaki masanduku arobaini na nane.